Toa Upepo Kwanza

Ukikaa nusu saa tu stendi ya Kyela siku hizi utaziona zikipita: Crown, Mark X, Subaru, zimevalishwa rimu za sport za inchi 17 au 18, matairi yamebana ubavu, rimu zinang'aa hata gari lenyewe likiwa limejaa tope. Wenyewe ni vijana waliopata fedha ya kakao au ya mchele, wengine wanafanya kazi Mbeya na Dar es Salaam na wanarudi nyumbani msimu wa sikukuu. Gari la namna hiyo likipata pancha Ipinda au njia ya Matema, linapelekwa kwa fundi yuleyule anayeziba tairi la bodaboda na kufungua tairi la Fuso. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Rimu inarudi na mikwaruzo, mdomo wa tairi umechanika, au tairi linapoteza upepo kidogo kidogo usiku kucha na hakuna anayejua unatokea wapi.

Mwaka huu mpwa wangu, mwenye banda la matairi Kyela mjini, alinipigia simu. Alikuwa amenunua Mbeya mashine ya kutolea matairi, iliyokwisha kutumika lakini nzima, akitegemea kwamba malalamiko ya wenye rimu za sport yangekoma. "Shikamoo, mjomba," akasema, kisha bila kuzunguka: "Mashine imefika, lawama zimezidi." Nilifunga safari. Kazi hiyo nimeifanya sehemu kubwa ya ujana wangu, na nilivyomsikia akieleza nikajua kwamba shida yake naifahamu tangu zamani, kabla hata sijaiona mashine ya aina hiyo kwa macho yangu.

Nilijifunzia Kasumulu, mpakani, mwishoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Msumbiji vilikuwa vimezifunga njia za reli za Nacala na Beira, na Malawi, nchi isiyo na bahari, ikawa inatafuta mlango mwingine. Sehemu ya mizigo yake ikahamia bandari ya Dar es Salaam, ikapitia Mbeya, ikashuka kwa malori hadi daraja la mto Songwe na kuvuka kwenda Karonga. Malori yalipanga foleni, na palipo na foleni ya malori pana kazi ya tairi. Banda letu lilikuwa chini ya mwembe: kompresa iliyozungushwa na injini ndogo ya dizeli, nyundo mbili, liva tatu za chuma, beseni la maji la kutafutia pancha, na mzee mmoja wa Kinyakyusa ambaye hakupenda kurudia maneno.

Kitu cha kwanza alichonifundisha kilikuwa kusubiri. Lori linalotoka Uyole hupanda Isyonje, likashuka Kiwira na Tukuyu, halafu likateremka mpaka tambarare ya ziwa. Kutoka Tukuyu mpaka Kasumulu dereva anapoteza kimo cha mita kama 1,000, na mguu wake uko kwenye breki karibu muda wote. Likifika kwetu rimu zinawaka. Mzee alisogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa, kisha akaenda kukaa. Dereva angelalamika kwamba foleni inasogea, mzee angemjibu, "Tata, acha lipoe." Nilidhani anaogopa kuungua vidole. Baadaye nikaelewa kwamba breki zikipata moto kupita kiasi, joto hupenya kwenye rimu na kuupika mpira kutoka ndani, na tairi linaweza kupasuka lori limesimama kabisa, mtu akiwa amechuchumaa mbele yake. Tena hakukubali kamwe kupunguza upepo wa tairi la moto ili kipimo kisome sawasawa. Tairi likipata joto presha yake lazima ipande. Ukiipunguza hapo, asubuhi likishapoa litakuwa limelegea, na tairi lililolegea ndilo linalojipika zaidi barabarani.

Cha pili ni kile ambacho mpaka leo nakisema kabla ya salamu kwa kijana yeyote anayeanza kazi hii. Toa upepo kwanza. Wengi hulegeza kidogo tu, wakasikia inapuliza, wakaanza kugonga. Mzee alitaka tufungue kile kisindano kilichomo ndani ya valvu, tukitoe chote, tukiweke mfukoni, kisha tupitishe waya mwembamba kwenye tundu la valvu kuhakikisha halijaziba kwa tope. Kama lilikuwa gurudumu la nyuma lenye tairi mbili, alitaka zote mbili zitolewe upepo kabla ya nati ya kwanza kuguswa, kwa sababu rimu ya ndani ikiwa na ufa, nati ndizo zinazoishikilia isiachane.

Rimu za malori ya wakati ule nyingi zilikuwa za vipande: sahani yenyewe, ukingo wa pembeni, na ringi ya chuma iliyokatika mahali pamoja inayokaa kwenye mfereji wake na kuvifunga vyote. Upepo uliomo ndani ndio unaoibana ringi hiyo mahali pake. Ikikaa vizuri haitoki. Ikikaa vibaya, hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuizuia. Piga hesabu: tairi likiwa na presha ya psi 100, kila inchi moja ya mraba ya ubavu wake inasukumwa kwa uzito wa kilo 45 hivi, na ubavu wa tairi la lori una mamia ya inchi kama hizo. Jumla yake ni tani zaidi ya kumi, zinamsubiri mtu akosee.

Nililiona hilo likitokea. Banda la jirani, kijana wa rika langu alikuwa amejaza tairi, akaona ringi imenyanyuka kidogo upande mmoja. Badala ya kutoa upepo aanze upya, alichukua nyundo airudishe. Alikuwa ameinama juu yake. Sikumbuki mlio, nakumbuka kwamba baada yake masikio yangu hayakusikia kitu kwa muda, na watu walikuwa wakifungua midomo bila sauti. Ringi ilitoboa bati la paa ikaangukia kwenye mpunga upande wa pili wa barabara. Kijana alivunjika taya na mkono, akapoteza jicho. Alipona, ila hakurudi tena kwenye kazi. Mzee wetu alifunga banda siku hiyo. Kesho yake alikuja na mnyororo mnene, na tangu hapo kila tairi la ringi lilijazwa likiwa limezungushiwa mnyororo na kulazwa chini ya chesisi ya lori bovu lililokuwa nyuma ya banda, na sisi tumesimama ubavuni, mpira wa kompresa umenyooshwa kwa urefu wake wote.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Marekani waliweka kanuni maalumu ya kazi hii mwaka 1980, kwa ajili ya rimu za vipande, na mwaka 1984 wakaongeza magurudumu ya malori yenye rimu za kipande kimoja. Inadai kizimba cha chuma cha kujazia tairi, mpira wa upepo wenye kishikio kinachojing'ata chenyewe kwenye valvu, mtu kusimama nje ya njia ambayo kipande kingerukia, na sindano ya valvu kutolewa kabla ya kufungua chochote. Inakataza kugonga ringi tairi likiwa na upepo. Mzee hakuwahi kuisikia kanuni hiyo, na karibu yote yaliyomo alikuwa akiyafanya chini ya mwembe. Nashukuru sana kwamba niliangukia mikononi mwake, kwa sababu ningeweza kabisa kuwa mwanafunzi wa banda la jirani.

Somo la tatu ndilo lililonipeleka Kyela mwaka huu, nalo nilifundishwa kwenye Land Rover na Peugeot 504, si kwenye gari la kifahari. Ndani ya mdomo wa tairi mna waya za chuma. Waya hizo hazivutiki hata kidogo, na ukingo wa rimu ni mpana kuliko mdomo huo. Sasa tairi linatokaje? Linatoka kwa sababu katikati ya rimu kuna bonde. Upande mmoja wa mdomo ukiusukuma mpaka ukaingia bondeni, upande wa pili unapata nafasi ya kuvuka ukingo. Ni hilo tu. Kijana mwenye nguvu anayening'inia kwenye liva mpaka mishipa ya shingo imsimame anapigana na waya za chuma, na waya hizo zitamshinda au zitakatika. Mzee alikuwa mdogo wa mwili, mikono yake imeanza kutetemeka, lakini alipiga magoti juu ya tairi upande wa pili, akalibana mpaka likazama bondeni, na liva ikavuka kwa mkono mmoja. Tuliponing'inia alituondoa na kuuliza swali lilelile: "Upande ule uko wapi?"

Na kabla ya liva alipaka sabuni. Kyela ni nchi ya michikichi, na sabuni yetu ilikuwa ile ya mawese, ikikorogwa kwenye maji mpaka iwe nzito. Nilikuja kugundua kwamba viwanda vya matairi navyo vinapendekeza sabuni ya mafuta ya mimea kwa kazi hii. Inateleza wakati wa kazi, ikikauka inashika, na haili mpira. Grisi na oili chafu ya injini ni sumu kwa mpira, tena hazikauki, kwa hiyo tairi linaweza kuteleza juu ya rimu siku dereva atakapokanyaga breki kwa nguvu. Hata mawese yenyewe, bila kufanywa sabuni, mzee hakuyaruhusu kwa sababu hiyohiyo.

Kutoka Kasumulu nilihamia Mbeya, nikapata kazi kwenye karakana yenye mashine. Nilikutana na rimu ya alumini kwa mara ya kwanza hapo. Rimu ya chuma ukiikwangua inapata kutu. Ukiipinda unaigonga inarudi. Alumini ukiikwangua pale mdomo wa tairi unapokalia, umefungulia upepo njia ya kuvuja, na ukiibana vibaya inaweza kupata ufa usioonekana. Tairi la sport linaongeza ugumu mwingine. Chukua lililoandikwa 225/45R17: upana wake ni milimita 225, na ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 101 tu. La Land Cruiser lililoandikwa 265/65R17 lina ubavu wa milimita 172. Rimu zao zina kipenyo kimoja, lakini ubavu ule mfupi ni mgumu, haukunjiki, na mdomo wake haupendi kushuka bondeni. Makosa ambayo tairi la Land Cruiser linayasamehe, hili halisamehe.

Siku moja karakanani hapo mwenzangu alipandisha tairi jipya la namna hiyo mezani. Meza ya mashine inazungushwa kwa pedali, na kichwa cha chuma kimekaa juu ya ukingo wa rimu kikiupitisha mdomo wa tairi. Meza ilianza kukaza. Injini ikabadili sauti, ikawa inaguna. Alipaswa kuachia pedali, arudishe meza nyuma, aushushe upande wa pili bondeni, ndipo aendelee. Aliongeza mguu. Tukasikia waya zikikatika ndani ya mpira, mlio mkavu, moja, halafu nyingine. Kwa nje palionekana mchubuko mdogo tu. Msimamizi wetu alilikata tairi hilo kwa msumeno mbele yetu sote ili lisirudishwe kwenye gari la mtu, na alifanya vema, kwa sababu mdomo uliokatika waya unaweza kushika upepo mjini na kuuachia mteremkoni. Mashine ilikuwa imempa mwenzangu nguvu za watu kumi, na swali la mzee wa Kasumulu likawa na uzito mara kumi.

Nilipofika kwa mpwa wangu sikuanza kwa kumweleza. Nilimwomba afanye kazi nami nitazame. Ikaletwa rimu ya Crown, na msaidizi wake, kijana mwenye bidii, akaibeba.

Bamba la kubandulia tairi aliliweka juu ya ukingo wa rimu badala ya kuliweka kwenye mpira, umbali wa kidole kimoja kutoka ukingoni. Hapo ndipo ile mikwaruzo ya duara ilipokuwa inatokea. Alibandua kwa mkandamizo mmoja mkubwa, wakati rimu ya alumini inataka mikandamizo midogo, unazungusha kidogo, unakandamiza tena, huku ukiwa umeanza mbali na valvu. Magari ya sasa mengi yana kihisi cha presha kimefungwa kwenye valvu kwa ndani, na bamba likikikuta linakivunja. Mezani aliibana rimu kwa makucha kutoka ndani, kama ya chuma. Ya alumini inabanwa kutoka nje, na makucha yavalishwe plastiki. Plastiki ya makucha haikuwepo. Ile ya kwenye kichwa ilikuwa imelika mpaka chuma kinaonekana. Aliyemuuzia hakusema, na mpwa wangu hakujua kwamba vitu hivyo vidogo vinabadilishwa kila vinapochakaa.

Halafu nikamwuliza bonde liko upande gani. Akaigeuza rimu, akaitazama. Rimu nyingi bonde limekaa karibu na uso wa mbele, kwa hiyo uso unaelekea juu. Lakini zipo rimu za sport zilizochimbwa sana mbele, bonde lao limesogea nyuma, na hizo lazima zilazwe kifudifudi. Alikuwa amezilaza zote uso juu. Katika zile zilizochimbwa, mdomo ulikuwa unalazimishwa kupita mahali ambapo bonde liko mbali, na matairi mawili yaliyochanika yalikuwa ya rimu za aina hiyo. Tuliigeuza moja. Tulipaka sabuni pande zote mbili za mdomo, tukaacha mwanya wa milimita mbili au tatu kati ya kichwa na ukingo, valvu ikiwa imepita kidogo mbele ya kichwa, na msaidizi akakandamiza ubavu wa upande wa pili kwa viganja. Meza ilizunguka bila kuguna. Kijana alinitazama kama niliyemficha jambo hilo siku zote.

Kulikuwa na jingine, zito zaidi. Tairi la ubavu mfupi likikataa kukaa kwenye rimu, walikuwa wakimwaga petroli kidogo ndani na kuwasha kiberiti ili lijitupe mahali pake kwa mlipuko. Nimeona desturi hiyo njia nzima ya Mbeya hadi ziwani. Hakuna anayeweza kupima mlipuko kwa macho, na mvuke unaobaki ndani ni hatari kwa atakayekuja kuligusa tairi hilo na cheche. Tairi la gari dogo lisipokaa kwenye presha ya 40, usiongeze. Toa upepo, paka sabuni upya, angalia kama kuna kutu au uchafu kwenye kikalio cha rimu, rudia. Na rimu iliyopinda kwenye mashimo ya Aprili, wakati maji yamefunika barabara, isipelekwe kwa mchomeleaji ikiwa imevaa tairi, hata kama halina upepo. Joto la kuchomelea linatoa gesi ndani ya mpira, na gesi hiyo imeshaua watu.

Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, tuna wakala wa kuisimamia, na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini vijana niliofanya nao kazi vibandani karibu wote hawakuwa na mkataba wala jina katika daftari la mtu yeyote. Yule aliyepoteza jicho Kasumulu alitibiwa kwa michango ya madereva. Inaniuma kuona kwamba barabara ya Matema sasa ina lami, magari yamebadilika, mashine imefika, na kijana anayechuchumaa mbele ya tairi la Fuso bado hana mnyororo.

Kwa hiyo kabla sijaondoka tulikwenda na mpwa wangu kwa mchomeleaji, tukamchorea kizimba cha mabomba mazito, kipana kiasi cha kuingiza gurudumu la Fuso, kikae chini peke yake bila kuchimbiwa ukutani. Plastiki za kichwa na makucha ameagiza Dar es Salaam. Ameongeza bei ya rimu za sport, kwa kuwa kazi hiyo sasa inachukua karibu mara mbili ya muda wa mwanzo, na juu ya meza ameweka kipimo cha kukazia nati, maana Toyota nyingi ndogo zinataka nguvu ya Nm 103 wala si mtu kupanda juu ya spana. Wateja wengine wamekasirikia bei wakahamia banda la jirani. Nimemwambia asiishushe, na aende akamwombe jirani huyo aje atumie kizimba chetu bure kila anapojaza tairi la lori. Ameshakwenda, na jirani amekubali.